Almasi Iliyogusa Mstari

Ndugu zangu, jambo nitakalowasimulia bado linanisumbua hata sasa ninapoliandika. Mimi ni mfamasia. Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya dirisha moja la hospitali nikipokea karatasi za madaktari na kutoa dawa, hadi watu wakasahau jina nililopewa na wazazi wangu wakaniita Mama Dirisha. Sikuchukia. Kupitia dirisha lile nimeona mengi: waliomeza dawa ya kupaka, waliopaka dawa ya kumeza, na mzee mmoja aliyegawana vidonge vya presha na mkewe kwa sababu, alisema, ndoa ni kushirikiana. Lakini sikuwahi kuona mtu akiuawa na picha. Hilo nimeliona mwaka huu, na nilikuwa mmoja wa waliokuwamo.

Lilianza Jumamosi, asubuhi tulivu kabisa. Nilikuwa nimekwenda kwa rafiki yangu Mama Fundi anirekebishie koti langu jeupe la kazi. Alikuwa mshonaji tangu ujana wake, na miaka yake sabini na minane haikuwa imemng'oa kwenye cherehani. Aliishi kwa mwanawe wa kwanza, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, penye mwanga mzuri. Alinizungushia futi kiunoni, akaisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mwaka jana koti hili nilikushonea likakutosha," alisema. "Sasa ama limesinyaa, ama mwenzangu umefumuka."

"Limesinyaa," nikasema.

"Haya, basi tuilaumu sabuni." Akacheka hadi mabega yakatikisika, kisha akaanza kufumua mshono.

Mama huyu alikuwa na maradhi ya moyo. Mapigo yake hayakuwa na mpangilio, na mtu wa namna hiyo damu yake huweza kuganda ndani ya moyo, bonge likapanda kichwani likamletea kiharusi. Kwa hiyo kwa miaka minne alikuwa akimeza vidonge vya njano, kimoja asubuhi na kimoja jioni, vya kuifanya damu iwe nyepesi. Nilikuwa nikimpa mimi mwenyewe kila mwezi. Hakuwa amepooza hata kidole.

Mwanawe wa kwanza alikuwa daktari, mkuu wa wodi ya magonjwa ya ndani pale pale hospitalini kwetu. Wauguzi walimwita Bingwa, naye alijua wanamwita hivyo na hakuwahi kuwakataza. Wa mwisho alikuwa binti, mtakwimu katika ofisi ya utafiti ya hospitali hiyo hiyo. Alikuwa na miaka arobaini kamili, ana shahada zake mbili na miwani ya kusomea, lakini nyumbani kwao bado aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Baba yao alifariki binti akiwa darasa la pili, na kaka ndiye aliyemsomesha. Tangu hapo likajengeka jambo katika nyumba ile. Bingwa akishasema, mazungumzo yamekwisha. Hakuna aliyelitunga kama sheria, na kwa kweli waliishi kwa raha na vicheko. Ila walilizoea, kama mtu anavyozoea kiti kibovu, akajua pa kukalia.

Basi tukiwa hapo, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Bingwa aliingia na karatasi mbili nene za utafiti mkononi, uso umemng'aa. Kitinda alikuwa nyuma yake, amebeba mkate na maziwa.

"Mama, leo nimekupatia habari," alisema Bingwa. "Vile vidonge vyako vya njano ni bure tupu. Kuna vyeupe, na hivyo ndivyo vinavyofanya kazi."

Mama Fundi aliinua mguu kwenye cherehani. "Bure tupu? Na mimi nimevimeza miaka minne?"

"Soma hapa." Akanisukumia mimi zile karatasi, maana mama yake hakuwa msomaji wa mambo hayo.

Naomba niwaeleze kidogo, nanyi msichoke, kwa kuwa hapa ndipo shimo lilipochimbwa. Watafiti hujaribu dawa kwa wagonjwa mia tatu huku, mia tano kule, na kila kundi hutoa jibu lake. Kisha mtafiti mwingine huyakusanya majaribio yote ya dawa moja, akayaunganisha, akatoa jibu moja la jumla. Huo ni utafiti wa tafiti. Jibu lake la jumla huchorwa kwa umbo la almasi. Katikati ya almasi ni makadirio yao, na upana wake ni mashaka yao, yaani ukweli unaweza kuwa popote kati ya ncha hii na ncha ile. Halafu kuna mstari mmoja wima, na maana ya mstari huo ni kwamba dawa haikusaidia chochote. Almasi ikikaa mbali na mstari, watu hufurahi. Ikiugusa, hununa.

Bingwa alikuwa na tafiti mbili za namna hiyo, zilizoandikwa na watu wawili wasiojuana. Ya kwanza ilihusu vidonge vyeupe dhidi ya vidonge bandia, yaani visivyo na dawa yoyote ndani. Vilipunguza kiharusi kwa thelathini katika mia, na ukweli ungeweza kuwa popote kuanzia nane hadi arobaini na saba. Almasi haikugusa mstari. Ya pili ilihusu vya njano dhidi ya vidonge bandia. Vilipunguza kwa ishirini na tano katika mia, lakini ncha moja ya almasi ilivuka mstari kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kizingiti. Hakuna jaribio hata moja lililoviweka vyeupe na vya njano pamoja vikashindanishwa.

"Umeona?" Bingwa alinigongea karatasi kwa kidole. "Hii imethibitika. Hii haijathibitika. Kwa hiyo hii ni bora kuliko hii. Kitinda, nataka uniunganishie almasi hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, picha safi, nikaionyeshe kamati ya dawa Jumanne."

Kitinda aliweka mkate mezani. "Kaka, almasi moja kugusa mstari na nyingine kutougusa hakusemi kwamba..."

"Nimekuomba picha, sijakuomba hotuba."

"Ni dakika chache tu nikueleze. Ukitaka kuzilinganisha, inabidi kwanza..."

Hapo aliyemkata kauli hakuwa kaka yake. Alikuwa mama yake.

"Kitinda, mwache kaka yako," alisema Mama Fundi kwa upole, uzi mdomoni. "Yeye ndiye daktari. Wewe mchoree picha yake."

Kitinda alinitazama mimi, na mimi nikatazama koti langu. Akasema, "Haya, mama." Akaingia jikoni na maziwa, na sisi tukaendelea kuzungumza kuhusu sabuni.

Bingwa hakusubiri Jumanne. Jumatatu saa tatu asubuhi Mama Fundi alikuja dirishani kwangu na karatasi mpya yenye mwandiko wa mwanawe: vidonge vyeupe, viwili kwa siku, acha vya njano. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kutokea, maana kwake hospitali ilikuwa mahali pa watu.

"Leo nabadilishiwa mafuta," aliniambia. "Mwanangu anasema injini itazunguka vizuri zaidi."

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Nilijua jambo moja kuhusu vile vyeupe. Hutolewa mwilini na figo, na figo zikiwa zimechoka, dawa hujilimbikiza damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Nikamwambia asubiri, nikainua simu ya ofisini.

"Daktari, figo za mama zimepimwa lini?"

"Mwaka juzi. Zilikuwa zimechoka kidogo tu, kama za mzee yeyote," alijibu. Nilisikia watu wakimsemesha upande wa pili. "Nitampima wiki ijayo. Mpe dawa aanze. Mama Dirisha, huyo ni mama yangu. Unadhani nitampa kitu kibaya?"

Nifanyeje mtu akishaniambia hivyo? Ndivyo nilivyojiuliza wakati ule, nami nikajijibu kwa kuhesabu vidonge. Leo najua jibu lilikuwa rahisi. Ningesema, "Sitoi mpaka apimwe," na kazi yangu inaniruhusu kusema hivyo, tena inanitaka niseme hivyo. Sikusema. Niliona haya. Nilimpa rafiki yangu vidonge sitini kwenye bahasha ya kaki, nikamwandikia maelezo kwa herufi kubwa ili asihitaji miwani.

Siku ya Jumanne kamati ilikaa kwenye chumba kile chenye meza ndefu na feni inayolia. Tulikuwa tisa. Picha ya Kitinda iliwaka ukutani, almasi ya bluu juu, almasi ya kijivu chini, na mstari mmoja umezipitia zote mbili utadhani zilizaliwa pamoja. Ilikuwa picha nzuri. Nasema kwa uchungu kwamba sijawahi kuona picha nzuri kuliko ile. Ukiitazama tu, unajiona umeelewa.

Bingwa aliongea kwa dakika kumi, akishusha hoja moja baada ya nyingine, watu wakitikisa vichwa. Mwenyekiti, mama mmoja mpole wa idara ya upasuaji, alimgeukia Kitinda aliyekaa mwisho kabisa karibu na mlango.

"Mtakwimu, wewe ndiye umechora. Una la kuongeza?"

Nilimwona akivua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Alimtazama kaka yake, kaka yake akatazama saa.

"Hapana," alisema Kitinda. "Sina."

Mimi nilikuwa na langu la figo, lilikuwa limenifika kooni. Nililimeza. Nikajiambia kwamba mtakwimu amesema hana neno, basi mambo ni shwari. Naye, kama alivyoniambia baadaye, alijiambia kwamba mfamasia yupo na hakusema kitu, basi labda upande wa dawa hakuna hatari. Ndivyo tulivyoegemeana kwa ukimya wetu. Mikono tisa ikapanda. Kuanzia wiki iliyofuata vidonge vya njano viliondolewa kwenye rafu yangu.

Nikakutana na Kitinda kwenye ngazi tukitoka. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Jumamosi ulitaka kusema nini?"

"Ah, Mama Dirisha, yamekwisha hayo," alinijibu. "Nikibishana naye hapa, nitakula naye vipi kule nyumbani?" Akashuka.

Siku ya kumi na mbili tangu Mama Fundi aanze vidonge vyeupe, saa nne asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa Kitinda. Nilielewa maneno mawili tu, mama na dharura, mengine yakawa pumzi, kisha akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia ukitoka kwa mtu mzima. Alikuwa amepita nyumbani kuchukua faili alilolisahau, akamkuta mama yake sakafuni kando ya cherehani, ametapika damu. Kitambaa cheupe alichokuwa akikishona, gauni la bibi harusi mmoja, kilikuwa kimegeuka rangi.

Nilitoka mbio bila kulifunga dirisha langu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Nilifika mlango wa dharura pamoja na machela. Mama Fundi alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imepauka kama karatasi, lakini aliponiona akajaribu kutabasamu. Yule ni mtu niliyemkabidhi dawa kwa mikono hii hii, nikamwandikia kwa herufi kubwa.

Bingwa alikuja akikimbia kutoka wodini. Jamani, nimemwona mtu yule akisimama mbele ya mamia ya wagonjwa bila kutikisika. Siku ile alisimama mbele ya machela na mikono yake haikujua iende wapi. Daktari mwingine ilibidi amsogeze pembeni ili wafanye kazi. Majibu ya maabara yalipotoka, figo za mama yake zilikuwa zikifanya robo tu ya kazi inayotakiwa, na dawa ilikuwa imejaa damuni. Tumbo lilikuwa linavuja ndani. Walimwekea damu chupa baada ya chupa.

Kesho yake mchana hali ilitulia kidogo. Tulikuwa watatu kwenye benchi la korido nje ya wodi, mimi, Bingwa na Kitinda. Bingwa hakuwa amenyoa. Alikuwa na zile karatasi mbili mapajani, anazigeuza kurasa bila kuzisoma.

"Nipigie hiyo hesabu," alimwambia dada yake ghafla.

"Hesabu gani, kaka?"

"Ile uliyotaka kuniambia. Ipige hapa."

Kitinda alichukua fomu tupu ya maabara, akaigeuza, akatoa kalamu na kufungua kikokotoo cha simu. Nilitazama saa ya ukutani, sijui kwa nini, nadhani nilitaka tu mahali pa kuweka macho. Aliandika jibu la vyeupe na jibu la njano. Akatoa moja kwenye lingine, akapata tofauti. Kisha akachukua mashaka ya almasi ya kwanza na mashaka ya almasi ya pili, akayaunganisha, kwa sababu, alituambia, ukilinganisha vitu viwili usivyo na hakika navyo, mashaka yake huongezeka, hayapungui. Mwisho akaigawanya tofauti kwa mashaka hayo.

"Sifuri nukta tatu moja," alisema.

"Inatakiwa ifike ngapi?"

"Ili mtu athubutu kusema dawa hizi zinatofautiana? Karibu mbili."

Kitinda aliendelea. "Hatukuwa na ushahidi wowote kwamba vyeupe vinavishinda vya njano. Vingeweza kuwa bora kidogo, vingeweza kuwa vibaya kidogo. Karatasi zako hazikujua, kaka. Na hapo ni kama wagonjwa wangekuwa wa aina moja. Fungua ukurasa wa sita wa ile ya vyeupe."

Akaufungua. Palikuwa na jedwali dogo, herufi zake kama sisimizi. Majaribio ya vidonge vyeupe yalikuwa yamekataa mtu yeyote aliyepita miaka sabini na mitano, na yeyote mwenye figo dhaifu. Katika karatasi ya pili, majaribio ya vile vya njano karibu yote yalifanywa kwa wazee. Mama Fundi asingekubaliwa hata mlangoni kwenye ule utafiti ambao kwa ajili yake alibadilishiwa dawa. Jedwali lile lilikuwa hapo siku zote, hata siku ile karatasi zilipowekwa mikononi mwangu sebuleni.

"Imekuchukua muda gani?" aliuliza Bingwa.

Kitinda hakujua. Mimi nilijua, maana macho yangu yalikuwa ukutani. "Dakika nne," nikasema.

Alishuka kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni na koti lake jeupe, watu wakipita na kumkwepa. "Nimemuua mama," alisema.

"Mama yu hai," alisema Kitinda, akachuchumaa karibu naye. "Na mimi ni mtakwimu. Mgonjwa mmoja hawezi kuniambia dawa ni mbaya. Wapo itakaowafaa sana. Lakini nilijua ulinganisho wako si sahihi, nikakuchorea picha, na nilipoulizwa mbele ya watu nikasema sina neno. Hilo halihitaji kikokotoo."

Jioni, jua bado lipo dirishani, tuliruhusiwa kumwona. Mama Fundi alikuwa ameegeshwa kwa mito miwili. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini akili zake zote zilikuwapo.

"Mbona mmekaa kama mmefumaniwa?" alituuliza. Akamgeukia binti yake. "Kitinda. Siku ile nashona koti la huyu, ulitaka kusema jambo, nikakunyamazisha. Ulitaka kusema nini?"

Kitinda alimtazama kaka yake. Hata hapo, ndugu zangu, hata kando ya kitanda kile, alimtazama kwanza kaka yake! Bingwa aliinamisha kichwa.

"Nilitaka kusema hivi, mama," alianza. "Chukua wanafunzi wawili. Kufaulu ni hamsini. Mmoja kapata hamsini na moja, mwingine arobaini na tisa. Mmoja kafaulu, mwingine kafeli, ni kweli. Lakini ukitangaza kwamba huyu ana akili na yule ni mbumbumbu, umewaonea. Tena hawa wawili hawakufanya mtihani mmoja. Kila mmoja alifanya wa kwake, shule yake, na mwalimu wake."

Niliona midomo ya Mama Fundi ikizirudia zile namba.

"Kumbe jambo lenyewe ndilo hilo," alisema. "Mbona hata mimi nimelielewa? Mbona hukunipigia kelele, mwanangu?"

Kitinda alimshika mkono.

"Ningekugombeza," alisema Mama Fundi. "Lakini ningesikia."

Damu ilianza kuvuja tena siku iliyofuata, saa saba mchana, na safari hii haikusimama. Saa nane na nusu ilikuwa imekwisha. Bingwa alikuwa ameshika mkono mmoja na Kitinda mwingine. Mimi nilikuwa mlangoni na kopo la dawa ya kuzuia damu, limechelewa. Nilishindwa kuamini kwamba mtu anaweza kufa hivi, akiwa na mtoto daktari, mtoto mtakwimu na rafiki mfamasia, wote watatu wanampenda, na wote watatu, kila mmoja kwa upande wake, wana kipande cha kumwokoa mfukoni.

Baada ya maziko Bingwa aliiandikia kamati barua kwa mkono wake, akaeleza kosa lake bila kujitetea, na akaambatanisha ile fomu ya maabara yenye hesabu. Vidonge vya njano vilirudi kwenye rafu yangu wiki hiyo hiyo. Wagonjwa wote waliobadilishiwa waliitwa, wakapimwa figo. Wawili walikutwa wameanza kuvuja damu bila kujua, wakawahiwa. Daktari bado anatibu watu, lakini wauguzi wameacha kumwita Bingwa. Aliwaomba yeye mwenyewe.

MAFUNZO YA MKASA HUU

Nyinyi wenye vitengo na kamati, na nyinyi mnaosoma matokeo ya tafiti, nawaomba kwa heshima zote. Mtu akiwaletea majibu mawili ya jumla kutoka tafiti mbili tofauti, akawaambia hili limethibitika na lile halijathibitika, kwa hiyo hili linashinda, msinyooshe mkono. Mwambieni apime tofauti yenyewe. Muulizeni wagonjwa wa huku na wa kule walikuwa watu wa aina gani, na kama huyu aliyelala mbele yenu angekubaliwa kuwa mmoja wao. Picha nzuri isiwafumbe macho. Dawa kutothibitika si sawa na dawa kuthibitika kuwa haifai, na watu wanakufa hapo katikati.

Lakini hesabu peke yake isingetosha, na hili ndilo linaloniuma. Hesabu ilikuwapo. Ilikuwa kichwani mwa mtu aliyefundishwa na familia yake kwamba mdogo hamkosoi mkubwa, na akafundishika vizuri. Kila nyumba ina Kitinda wake. Mkimkata kauli kwenye meza ya chai, msishangae akikosa kauli kwenye meza ya kamati. Na wewe uliyezoea kunyamaza ili nyumba iwe na amani, uliza kwanza amani hiyo analipia nani. Mimi mwenyewe nilijua habari ya figo, nikaona haya kumkera mtu niliyemheshimu. Haya yangu ilidumu siku mbili. Majuto yangu yatadumu hadi nitakapoingia kaburini.

Mama Fundi alimeza vidonge vile kwa imani moja tu, kwamba watoto wake wawili wenye elimu wamekubaliana. Hawakuwa wamekubaliana. Mmoja alikuwa amenyamaza tu.